Nani Anafuata?

Nilipokuwa na miaka minane, kichwa changu kilikuwa kinaishia kwenye ukingo wa meza ya muuza chipsi. Nikisimama kwa vidole naliona karai. Nikishuka naona mikanda ya suruali za watu wazima. Ilikuwa Temeke, jioni, umeme umekatika na kila kibanda kimewasha chemli yake. Mama alikuwa amenituma chipsi mayai za kaka yangu, ambaye alikuwa anapata nafuu ya malaria na hataki chakula kingine chochote. Noti nilikuwa nimeikunja mara nne na kuifumbata mpaka ikalowa jasho.

Nilifika wa pili. Mbele yangu palikuwa na mzee mmoja wa kanzu. Nyuma yangu wakaja wengi: kondakta wa daladala na mwenzake, dada aliyembeba mtoto mgongoni, vijana wanne waliotoka mpirani. Mzee akahudumiwa, akaondoka. Nikafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, mkono wa kondakta ukapita juu ya kichwa changu ukiwa na pesa. "Kaka, chipsi mayai moja, chapuchapu." Ukapita mkono mwingine: "Kavu mbili, na mishkaki minne." Nikaufunga mdomo.

Najua ninyi wadogo zangu mnaifahamu hali hiyo. Umetumwa dukani, umesimama mahali pako sawasawa, na dunia nzima inaagiza juu ya kichwa chako kana kwamba wewe ni kigoda.

Muuza chipsi alikuwa anakoroga viazi. Akainua chujio, akalikung'uta mara mbili pembeni ya karai, akamwaga viazi kwenye sanduku lake la kioo. Kisha akaegemeza viwiko mezani, akainama mpaka macho yake yakakutana na yangu.

"Ngojeni kwanza," akawaambia wakubwa bila kugeuka. "Huyu binti alikuja kabla yenu. Binti, karibu. Nikupe nini?"

Nikamwambia. Akaniuliza mayai mangapi, nakula pale au nabeba, nataka pilipili au hapana. Nikasema hapana, ni za mgonjwa. Akaitikia kwa kichwa, akapunguza mafuta kwenye kikaango. Akavunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, akatia chumvi, akayapiga kwa uma, tik-tik-tik-tik. Akatandaza konzi mbili za viazi, akamimina mayai juu yake taratibu, akianzia pembeni na kumalizia katikati. Yalipoanza kushika, akafunika kikaango kwa sahani, akapindua, akarudisha upande mbichi kwenye moto. Nilitazama nimesimama kwa vidole muda wote. Kachumbari akaifunga peke yake. "Akiitaka aweke mwenyewe," akasema. "Mgonjwa hachaguliwi. Mwambie kaka yako apone haraka."

Mpaka leo sijui jina lake. Kuniona na kunikaribisha hakukumchukua nukta kumi. Kilichobaki kilikuwa kazi ileile ambayo angemfanyia mtu mwingine yeyote. Lakini nilirudi nyumbani natembea katikati ya njia, kwa sababu nilikuwa nimeulizwa "nikupe nini?" kama mtu mwenye haki ya kujibu.

Kwa hizo nukta kumi, nataka niwapeleke mbali kidogo.

Katika mji wa San Bernardino, jimbo la California huko Marekani, palikuwa na ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald. Mwaka 1940 walifungua mkahawa wa kando ya barabara. Wakati ule, desturi ya mikahawa ya namna hiyo ilikuwa kwamba unafika na gari lako, unabaki ndani, na mhudumu anakufuata dirishani kuchukua oda. Ndugu hao walikuwa na wahudumu wa magari wapatao 20. Biashara ilikwenda vizuri, ila wao wakachoka. Sahani zilivunjwa, vijiko viliibwa, chakula kilichelewa, na vijana waligeuza uwanja wa magari kuwa kijiwe.

Mwaka 1948 wakaufunga mkahawa kwa miezi mitatu. Walipofungua tena, wahudumu wa magari hawapo, sahani hazipo, uma hazipo. Orodha ya vyakula iliyokuwa na aina 25 ilikuwa imebaki na 9. Hambaga, yaani mkate wenye nyama ya kusaga katikati, iliuzwa senti 15. Kila mpishi alipewa kazi moja: huyu nyama tu, yule mikate tu, mwingine viazi tu. Mteja ashuke mwenyewe kwenye gari, aende dirishani, apewe chakula kwenye karatasi, aondoke.

Mwanzoni watu wazima hawakupenda. Walifika, wakakaa ndani ya magari, wakapiga honi kumwita mhudumu ambaye hayupo tena. Wengine waliondoka wamenuna.

Sasa sikilizeni ni nani aliyelipenda dirisha lile. Mmoja wa wafanyakazi waliokuwepo alikumbuka kwamba mteja wao wa kwanza chini ya utaratibu mpya alikuwa msichana wa miaka tisa, aliyekuja kununua mfuko wa hambaga. Baada yake wakaja watoto wengi. Mama anabaki garini, mtoto anashuka na senti zake mkononi, anakwenda dirishani peke yake na kuagiza mwenyewe. Akigeuka anamwona mama, akitazama mbele anamwona mtu aliyevaa sare nyeupe anayemsubiri aseme anachotaka.

Watu wakizungumza kuhusu chakula cha haraka, husifu mashine na hesabu: nyama ngapi kwa dakika, mikate mingapi kwa saa. Hayo ni kweli na yana maana yake. Mimi humfikiria yule msichana. Nadhani siku ile alitembea kama nilivyotembea mimi Temeke.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mahali pengi nawaunga mkono. Kwenye meza ya chipsi naomba nitofautiane nao kidogo. Mtu mwenye njaa, au mwenye mgonjwa nyumbani, au mwenye dakika ishirini za mapumziko kazini, kumhudumia upesi tayari ni kumfanyia wema. Kibaya ni kumhudumia upesi bila kumwona. Mikono inaweza kukimbia na macho yakatulia. Muuza chipsi wangu aliyaweza yote mawili kwa wakati mmoja.

Twende mbali zaidi, kwenye baridi.

Tarehe 31 Januari 1990, McDonald's, kampuni iliyotokana na mkahawa wa ndugu wale wawili, ilifungua mkahawa wake wa kwanza mjini Moscow, kwenye Uwanja wa Pushkin. Wakati huo Urusi ilikuwa sehemu ya nchi kubwa iliyoitwa Muungano wa Kisovieti. Mkanada mmoja, George Cohon, alikuwa amehangaikia jambo hilo kwa miaka 14, tangu alipokutana na maofisa wa Kisovieti kwenye Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Siku ya ufunguzi foleni ilizunguka uwanja. Watu walisimama masaa mengi kwenye baridi kali wamevaa makoti na kofia za manyoya, na mpaka mlango unafungwa usiku, watu zaidi ya 30,000 walikuwa wamehudumiwa.

Walioomba kazi pale walikuwa kiasi cha 27,000, na nafasi zilikuwa mia sita na kidogo. Waliochaguliwa, wengi wao vijana, walifundishwa kukaanga viazi, kufunga mikate na kusafisha mashine. Wakafundishwa pia jambo jingine ambalo kwao lilikuwa geni kuliko mashine zote: kumtazama mteja machoni, kutabasamu, na kumkaribisha.

Kwa nini lilikuwa geni? Katika maduka ya Kisovieti mali ilikuwa ya serikali, na mara nyingi haikutosha. Muuzaji alipata mshahara uleule, awe amefurahi au amenuna. Soseji ikiwa kidogo na watu ni wengi, mwenye kisu cha kukatia soseji ndiye bwana, na mnunuzi anakuwa kama mwombaji. Watu walikuwa wamezoea kujibiwa kwa mkato, au kutojibiwa kabisa.

Kuna sababu nyingine, na hii isitufanye tuwaone Warusi kuwa watu wabaya. Kwao tabasamu ni kitu cha kumpa mtu unayemfahamu. Wana methali isemayo kwamba kucheka bila sababu ni dalili ya upumbavu. Ukimtabasamia mtu usiyemjua njiani, anaweza kudhani unamcheka, au una jambo unalomficha. Kwa hiyo baadhi ya wateja wa kwanza walifika kaunta, wakakuta kijana anawatazama huku anatabasamu, wakashangaa, wasijue waitikie vipi. Picha hiyo hunitia huruma kubwa: mtu amesimama kwenye theluji masaa mawili, matatu, ameingia ndani, na kinachomtatiza kuliko chakula kigeni ni uso wa kijana mwenziwe.

Mkahawa ule ulifungwa mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ukaja kufunguliwa tena chini ya wenye mali wengine na jina jingine. Historia hupita namna hiyo.

Pwani yetu tabasamu si geni, lakini kinachotangulia kwetu ni salamu. Ukienda kununua kitu na ukaanza na kitu chenyewe, umekosea. "Habari za saa hizi?" "Shikamoo, mama." "Za kazi?" Nenda Forodhani, Unguja, jua likizama, wakati wauza urojo na mishkaki wanapanga meza zao kando ya bahari, utasikia salamu zinavyokwenda na kurudi kabla pesa haijatoka mfukoni. Mrusi humwonyesha mtu heshima kwa kutompa tabasamu la uongo. Sisi humwonyesha kwa kumuuliza ameamkaje. Mtoto aliyekulia Tandika na mtoto aliyekulia Moscow wanaweza kuwa na adabu sawasawa na bado kila mmoja akamwona mwenzake hana adabu.

Na huko Japani? Mikahawa ya McDonald's ya Japani imekuwa maarufu kwa kuandika kitu cha ajabu kwenye orodha ya vyakula. Pamoja na bei za mikate na viazi, unakuta pameandikwa: Tabasamu, yeni 0. Watoto huko wameshawahi kufika kaunta na kuagiza hilo tabasamu, na mhudumu akatabasamu. Nilipolisikia mara ya kwanza nilifurahi sana. Baadaye nikaanza kujiuliza kama kweli bei yake ni sifuri.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hili nimelijua kwa miguu yangu.

Nilipomaliza kidato cha sita, kabla ya kwenda chuo, nilifanya kazi miezi saba kwenye mkahawa wa kuku wa kukaanga, mjini. Jina lake tuliache. Zamu yangu ilianza saa nane mchana na kuisha saa nne usiku, na kwenye kaunta hapakuwa na kiti. Juu yetu palikuwa na skrini iliyoonyesha kila oda na nukta zake zinavyokimbia. Oda ikichelewa, rangi inageuka nyekundu, na meneja anatokea. Mkono wangu wa kulia una alama mbili za mafuta mpaka leo. Kila mteja nilitakiwa nimwambie "karibu sana" na kutabasamu, hata kama mteja wa kabla yake amenitukana.

Walikuwepo waliotukana. Walikuwepo waliotupa pesa kwenye kaunta zikadondoka sakafuni, nikainama kuziokota. Wengi zaidi hawakuwa wabaya hata kidogo. Walikuwa wanazungumza na simu, wakanionyesha kwa kidole picha ya kuku ukutani, wakachukua chakula, wakaondoka bila kunitazama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina uso na jina kifuani, na kuna siku nilirudi nyumbani nikiwa na hisia ileile ya Temeke: mikono inapita juu ya kichwa changu.

Mwanasosiolojia wa Marekani aitwaye Arlie Hochschild aliandika kitabu mwaka 1983 kuhusu kazi ya namna hiyo. Aliwachunguza wahudumu wa ndege, ambao hutakiwa kutabasamu safari nzima. Alisema kwamba kuutengeneza uso na moyo wako ili mteja ajisikie vizuri ni kazi kamili, inayochosha kama kubeba mizigo, ila jasho lake halionekani. Nilipomsoma, miaka mingi baada ya kuvua ile sare, nilitamani ningekuwa na maneno yake siku zile. Nilikuwa nikidhani mimi ni mvivu, maana nachoka wakati sijabeba kitu.

Nadhani Wajapani nao wameliona. Mwaka 2023 McDonald's ya Japani, ikitafuta vijana wa kuajiri, ilitoa tangazo lenye wimbo wa mwimbaji aitwaye ano, likiwaambia kwamba mtu anaweza kufanya kazi pale bila kulazimika kutabasamu. Mahali palepale palipoandikwa yeni 0! Mimi naliona jambo hilo kuwa la haki. Tabasamu linalotoka lenyewe linampasha mtu moto kifuani. Linaloamriwa saa nane mfululizo, miguu imevimba, lina bei, na anayeilipa ni yule aliyesimama.

Katika miezi ile saba nilikuwa na mteja mmoja, mama wa makamo, nadhani alikuwa nesi kwa sababu ya viatu vyake vyeupe. Alikuwa akija Ijumaa jioni. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu, akakata simu, akanitazama, akasema, "Hujambo mwanangu? Pole na kazi."

Nikasema, "Sijambo, shikamoo mama. Nishapoa." Ndipo akaagiza.

Lilikuwa jambo dogo tu, na foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Lakini nilimkaribisha aliyemfuata kwa sauti nyingine kabisa, na aliyefuata baada ya huyo vilevile. Tabasamu langu lilijitokeza lenyewe. Nakumbuka nilimfungulia mfuniko wa soda mzee mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na ninajua kabisa kwamba dakika kumi kabla ya hapo nisingeviona vidole vyake.

Lugha yetu ina bahati ya kuwa na neno hilo. Pole. Mtu akiumwa tunamwambia pole, akifiwa tunamwambia pole, na hata akiwa mzima kabisa, amesimama kazini kwake anafanya kazi yake, tunamwambia pole na kazi. Tumekiri kwa neno moja kwamba tumeona anajichosha, na kwamba anajichosha kwa ajili yetu. Sijui kama yule nesi alilifikiria hivyo. Nadhani alilisema kama alivyofundishwa na mama yake.

Wiki mbili zilizopita nilipita Temeke kumtembelea kaka yangu, yuleyule wa malaria, ambaye sasa ana watoto watatu na kitambi. Jioni akamtuma bintiye wa mwisho chipsi mayai, nami nikasema nitamsindikiza. Kibanda cha zamani hakipo. Pamejengwa duka la simu. Hatua chache mbele kuna kijana mwingine na karai jingine. Taa yake ni ya umeme, na chipsi anafunga kwenye karatasi na vifuko vya kitambaa laini, kwa maana mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukiiita rambo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Siku hizi chipsi mayai vijana wanaziita zege. Watu walikuwa wengi kama zamani. Nikasimama nyuma, kwa makusudi, nione itakuwaje.

Binti wa kaka yangu ni mfupi kuliko nilivyokuwa mimi. Alijipenyeza mpaka mbele, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mafuta yalikuwa yanachemka, na kijana yule jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni. Alilipangusa kwa mkono wa fulana, akaendelea kukoroga. Mkono wa mtu mzima ukapita juu ya kichwa cha mtoto, umeshika noti ya elfu tano. Nikapiga hatua moja mbele.

"Anko, shikamoo," mtoto akasema, kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. "Pole na moto."

Kijana akaacha kukoroga. Akatazama huku na huku, kisha akatazama chini.

"Marahaba," akasema. "Nishapoa, mama yangu. Nikupe nini?"